Sindano Hakusafiri, Shangazi

Nyumbani kwa kaka yako,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, 18 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza kelele kwa kuwa baridi ya huko imelegea kidogo. Yule bibi unayemhudumia bado anaficha miwani yake na kukusingizia wewe? Mama anasema umnunulie kamba ya miwani aivae shingoni, yaishe. Hapa Baba hajambo, presha yake imeshuka. Mama hajambo pia, na dawa ya kuchua uliyomtumia anaipaka hata pasipouma. Mimi najikaza kisabuni.

Anayekuletea barua hii ni yule muuguzi, binti wa jirani yetu, anakuja huko kuanza kazi. Mpokee kama mimi. Sikutaka kukueleza haya kwa simu, maana simu za nyumba hii Baba huziweka sauti ya wote, na kila nilipotaka kufungua mdomo alinikata jicho.

Baba amekuambia Sindano amesafiri kutafuta kazi. Shangazi, Sindano hakusafiri. Mwanao yuko mahabusu, anashtakiwa kwa kuua. Aliyekufa ni mtu niliyefanya naye kazi, na aliyekwenda polisi kumtaja Sindano ni mimi. Kaa chini kwanza, tafadhali, kisha uendelee kusoma.

Unajua mimi ni mhasibu, lakini sijawahi kukueleza vizuri wa wapi. Ni taasisi ndogo inayofanya utafiti juu ya watu wanaohama: kwa nini wanaondoka kwao, wanapitia wapi, wakifika wanafanyishwa kazi gani na wanalipwa nini. Watu kama wewe, ila sisi tunawafuatilia wanaokuja hapa. Haiuzi kitu na haina faida ya kugawana. Inaishi kwa ruzuku ya wafadhili wawili, na kila mwaka tunatangaza hadharani tulichopokea na tulichotumia, kwa sababu Mkurugenzi wetu hapendi watu watuulize jambo ambalo tungeweza kuwaambia mapema.

Pale kazini tulikuwa na mkalimani. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mhamaji, alifika nchi hii kwa miguu akiwa kijana. Alijua lugha nne na zote alizizungumza kwa lafudhi moja, ile ya kwao. Watafiti walikwenda naye kila mahali, kwa sababu watu waliogopa kalamu lakini yeye hawakumwogopa. Alizoea kuniita Mama Bajeti. Nikimkatalia nauli ya teksi alikuwa akiniomba basi nimpe baiskeli, na kama hakuna baiskeli nimpe dua.

Mwaka huu walitafiti matanuri ya matofali, yale yale Sindano alikomwaga unga. Ripoti ilieleza kuwa mwenye matanuri aliwafukuza wenyeji makusudi, akaletewa wageni na dalali mmoja, akawalipa nusu, na hata hiyo nusu dalali akaimega. Kwa maneno mengine, mwenyeji na mgeni wote waliibiwa na watu wale wale. Sindano alikuwa mmoja wa walioonewa katika ripoti hiyo, ingawa hakuisoma.

Dalali aliisoma. Hakubishana nayo hata neno moja. Alichukua ukurasa wa hesabu zetu, niliouandaa mimi, akaizungushia wekundu jumla ya ruzuku ya mwaka na kuisambaza kwenye simu za watu, akisema hizo ndizo pesa tulizolipwa tuwalete wageni wachukue kazi za wenyeji. Ile namba ilikuwa kubwa, sikatai. Ndani yake kulikuwa na mishahara ya watu tisa, kodi ya nyumba, mafuta ya gari na gharama za uchapaji. Lakini ukiiondoa mahali pake ukaiweka peke yake, anayeitazama anaona gunia la noti limeegemea ukuta.

Walikuja Alhamisi moja asubuhi, mwezi wa sita. Nilisikia kelele barabarani nikadhani ni mazishi yanapita. Mlinzi wetu, mwanajeshi mstaafu tunayemwita Afande, alikimbilia kufunga geti, lakini alirushiwa tofali la uso kabla hajasukuma komeo. Walipita juu yake. Ninaposema juu yake, Shangazi, simaanishi kando.

Sisi tulikuwa ghorofani. Walipanda wakivunja kila kitu: viti, meza, vioo. Kompyuta walizitupa dirishani moja moja. Watatu waliingia chumbani kwangu na nyundo, wakalipasua kasha la chuma. Mle ndani mlikuwa na muhuri, vitabu vya hundi, na kopo la sukari nililowaficha wenzangu wasiimalize. Mmoja alinipiga kofi, sikio likaanza kupiga filimbi, akaniuliza pesa ziko wapi. Nikamwambia ziko benki, kama pesa za watu wote. Akanipiga tena, safari hii kwa ngumi, na jino hili la mbele ambalo ulikuwa ukinisifia likaenda.

Walipokosa pesa wakaanza kutafuta mtu. Nilisikia wakiulizana yuko wapi yule mgeni. Mkalimani alikuwa chumba cha nyaraka pamoja na Mkurugenzi, na Mkurugenzi, mama wa makamo asiyezidi kilo hamsini, alisimama mlangoni akaweka mkono kwenye fremu kuwazuia. Walimvunja mkono huo kwa kipande cha bomba. Niliusikia mfupa nikiwa upande wa pili wa korido.

Wakamvuta Mkalimani kwa shati hadi kwenye ngazi. Alijaribu kuwasemesha, akawaita ndugu zangu, na hiyo lafudhi yake ndiyo iliyowapandisha zaidi. Hapo ndipo nilipomwona Sindano. Alikuwa amevaa shati la bluu ulilomtumia, na mkononi ana spana ya magurudumu. Pigo la kwanza lilimpata Mkalimani begani. Akainua mkono, si kwa kupigana, aliinua kushika miwani isianguke. Pigo la pili lilimpata kichwani, juu ya sikio. Akaenda chini kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Wengine walimrukia kwa mateke, lakini alikuwa ameshalala. Sikupunguzii, Shangazi, na siongezi chumvi. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona damu ikishuka ngazi moja, ikajaa, ikashuka nyingine.

Mtu akamwaga petroli kwenye makabati, moto ukashika. Mwingine alinikamata nywele, ana kisu, akisema na huyu ni mwenzao. Ndipo Sindano akageuka akaniona. Sitausahau uso wake. Alikuja akamkamata yule mtu kifundo cha mkono akakipinda mpaka kisu kikadondoka.

"Huyu ni dada yangu," akasema. "Mguseni mnione."

Hakuna aliyenigusa. Alinishusha ngazi amenikumbatia, akanipitisha penye damu, na tulipotoka uani, tofali lililorushwa kunielekea lilimpata yeye mgongoni. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Aliniacha kwenye duka la fundi cherehani ng'ambo ya barabara, akakimbia bila kunitazama usoni.

Mkalimani alitolewa na zimamoto akiwa bado anapumua, akafia hospitali Jumamosi. Nilikuwepo. Mkewe alinishika mikono akaniuliza kama nilimwona aliyempiga mumewe.  Nilitazama sakafu, naye akadhani nalia tu.

Kesho yake mchana, Baba na Mama wakiwa hawapo, Sindano alikuja nyumbani. Aliingia jikoni, akachota maji, nusu yakamwagikia kifuani.

"Dada, uliniona?"

"Nilikuona."

"Uliona mtu aliyefanana na mimi."

"Nimekubeba mgongoni tangu Shangazi aondoke. Nilikuona wewe."

 Akasema kwa sauti ndogo, "Walituambia mna mamilioni mle ndani."

"Kulikuwa na sukari, Sindano."

Sijui ni neno gani lililomwingia. Alinirukia akanikaba koo, akanibana ukutani mpaka sufuria zikaanguka. Nilikuwa naona giza likija kutoka pembeni. Halafu akaniachia mwenyewe, akabaki anaitazama mikono yake kana kwamba ameiazima. Akaketi sakafuni, akalia kama alivyolia siku ile ulipopanda basi ukamwacha. Nilimwambia twende polisi wote wawili, nitakaa naye mpaka mwisho. Akakataa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Jumatatu nilikwenda peke yangu. Walimkamata kwa rafiki yake siku hiyo hiyo.

Tangu hapo Baba hasemi nami. Anapitisha maneno kwa Mama, hata chumvi anamwambia Mama aniombe. Siku moja tu alisema mbele yangu, akitazama redio, kwamba kuna watu wanaokolewa na ndugu yao asubuhi na kumuuza jioni. Mama hajasema kitu, ila chakula changu anakifunika kisipoe, nami naelewa.

Taasisi nayo haina mbele wala nyuma. Bima imetujibu kuwa mkataba wetu haugharamii ghasia. Mfadhili mkubwa amesimamisha ruzuku mpaka atakapojiridhisha kuhusu usalama. Mdogo ameahidi kuendelea, lakini pesa yake imetengwa kwa mafunzo, na nilipoomba sehemu itumike kwa mazishi, alijibu kwa huzuni nyingi kwamba masharti hayaruhusu.

Mkalimani alikuwa analipwa kwa siku za kazi, hivyo kwenye vitabu vyangu hakuwa na kiinua mgongo wala fidia. Bodi ilikutana kwenye darasa la kuazima, sisi tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti, mhadhiri mstaafu, mtu mwema kabisa, alishauri tumpe mjane rambirambi na barua nzuri, tuilinde akiba isije taasisi ikafa. Nikasimama na pengo langu na koo lenye alama za vidole. Nikawaambia tumeandika miaka yote kuhusu matajiri wanaowatumia wageni kwa siku na kuwatupa wakiumia, na sasa ni zamu ya hesabu zetu kusomwa.  Mkurugenzi akainua mkono wake mzima kuunga mkono. Wakapitisha mjane alipwe mshahara wa miezi sita kutoka kwenye akiba, na mazishi yote juu yetu.

Sasa tumebaki wanne, kwa nusu mshahara, kwenye vyumba viwili vinavyonuka moshi wa jengo la zamani kwa sababu ya makabati tuliyookoa. Afande amepona lakini jicho moja haoni. Mkurugenzi anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto na mwandiko wake umekuwa wa kusomeka zaidi. Dalali bado anapita na gari lake, madirisha juu. Mpelelezi ameanza kuuliza habari zake, lakini polepole mno.

Shangazi, Baba atakuomba pesa za kumaliza mambo. Anataka kumpa mjane afute kesi, na kumpa mpelelezi apoteze maelezo yangu. Usitume za kazi hiyo. Tuma za wakili, aliye bora kuliko wote, na mimi nitachangia katika nusu yangu.

Nimekuwa nikimpelekea Sindano sabuni na chakula. Mara za mwanzo alikataa kutoka. Juzi alitoka. Amepungua, jina lake sasa linamfaa kuliko zamani. Nilimuuliza mgongo, akasema unapona. Aliniuliza kama wewe unajua. Nikamwambia bado. Akasema, "Mwandikie wewe. Mama akisikia kwako atajua si uongo."

Kwa hiyo nimekuandikia. Kesi ikiitwa nitakwenda kusimama pale, yeye akiniona na mjane akiniona. Nitasema nilimwona akimpiga Mkalimani kichwani, na Mkalimani hakuwa na kitu mkononi. Na wasiponiuliza, nitaomba niongeze: kwamba mtu huyo huyo alinitoa motoni akapigwa tofali lililokuwa langu. Yote mawili ni kweli, na sitamwachia mtu mwingine ayaseme.

Ukitaka kunichukia, utakuwa na haki, nami sitapungukiwa na upendo kwako. Ila mwandikie yeye kwanza. Anasubiri barua yako kuliko hukumu.

Mama anakusalimu sana. Baba hajui kama nakuandikia, lakini najua angependa nikupe salamu zake, basi zipokee. Msalimie mwenzako mnayeishi naye chumba kimoja, na yule bibi wa miwani. Mungu akupe nguvu za kuisoma barua hii hadi hapa, akulindie goti na usingizi, na atukutanishe tukiwa bado tunatazamana usoni.

Ni mimi, binti wa kaka yako, ninayekupenda leo kama jana.