Kilima Kilichobaki Mahali Pake

Mjukuu wangu Modesta,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Tanga kwenye mkonge mgongo unauma, ila chakula ninakula. Nimefurahi kusikia bibi yako amepona.

Umeniuliza kama ni kweli nililala mbele ya trekta. Uongo huo! Nilikaa tu juu ya tuta, nikila kiporo changu.

Wakati ule wa vijiji vya ujamaa, trekta lilikuja kijijini kwetu Kasense kulima shamba letu la pamoja. Lilimaliza bonde lote, nasi tukashangilia. Kisha bwana shamba akataka lipande kilimani, lisawazishe matuta yetu ya duara.

"Kijana, unazuia maendeleo!"

"Sizuii, bwana shamba. Ila huku juu matuta yakiondoka, mvua itapeleka udongo wote mtoni."

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne. Lakini jembe nililianza kabla ya shule."

Watu wakacheka. Nikafukua tuta moja. Nyasi tulizofukia ndani zilikuwa zimeoza, udongo mweusi umeshikana. Bwana shamba akauchukua mkononi, akaunusa. Kisha akamwambia dereva, "Geuza."

Mwaka ule mahindi ya bondeni yalijaza ghala la kijiji, na kilima hakikumomonyoka.

Tangu nilipokuja huku kwenye mkonge, nimelima mashamba ya wengine. Lakini ukiniandikia kwamba ulezi umestawi pale kilimani, ninawasomea wenzangu kambini kwa sauti, mara mbili.

Babu yako,
Kasiano