Isale la Mpakani

Mjukuu wangu Neema,

Huku Euless tu wazima, ila magoti yangu hugoma baridi ikiingia. Mama yako yuko kwenye zamu zake za hospitali. Yeye na mjomba wako wa Houston bado hawasemezani kwa sababu ya kihamba, lile shamba letu la urithi kule Marangu.

Umeuliza kwa nini huko Indonesia, kwenye kijiji cha milimani unakofundisha, wanapanda mipakani mmea unaofanana na huu wangu wa barazani. Ya huko siyajui. Huu wetu ni isale, nao ni wa mpaka.

Nilipokuwa msichana, baba na mdogo wake waligombania hatua chache za migomba, wakaacha hata kusalimiana. Asubuhi moja baba mdogo akaja uani kashika jani la isale, amelifunga fundo. Kwetu ukiletewa isale umeombwa msamaha, na huwezi kukataa. Baba akalitazama, uso ameukunja, kisha akalipokea. Baadaye nilipita mpakani nikaona lilipokatwa: palepale walipokuwa wakigombania.

Kisa hiki nilimsimulia mama yako juzi. Leo asubuhi nimekuta isale langu limepungua jani moja. Gari lake halipo, na leo hana zamu. Kutoka hapa hadi Houston ni mwendo wa saa nne.

Nimekaa na simu mapajani.

Bibi yako