Mafuta Yako Hayana Kosa

Ak-Dobo, Talas,
14 Oktoba 2018.

Mpendwa mdogo wangu Kydyr,

Assalamu alaikum. Hujambo huko Murgab? Sairash naye hajambo, mgongo umempa nafuu au bado anainama kama anatafuta sindano? Mifugo imeteremka salama? Tumesikia theluji imewahi kwenu mwaka huu, nikawa nawafikiria. Sisi huku miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ndio nataka kukueleza. Kwa hiyo mimina chai, kaa, na usiikunje barua hii kabla ya kufika mwisho. Nakujua vizuri.

Simu nimekupigia mpaka nimechoka. Unaona namba yetu, unaizima. Sikulaumu. Ndiyo maana nimempa barua Sherali, yule dereva wa lori anayekuja kununua maharage yetu, na nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, asimwachie mtoto wala mke.

Kwanza lile ambalo ningelisema kwenye simu kama ungepokea: mafuta yako hayana kosa. Hayakuwahi kuwa na kosa. Sasa nisikilize ilivyokuwa.

Unakumbuka theluji ilipoyeyuka, Nurjigit wangu alipotwaa mkanda wa ubingwa wa ligi ya mieleka kule Bishkek. Nyumba ilifurika. Watu walikuja kuuona ule mkanda na kila mmoja na korumduk yake, kama wanakuja kuona mtoto mchanga au bi harusi: huyu kitambaa, huyu peremende, huyu mwanakondoo. Jirani yetu Batma, mzee wa watu, alileta shali yake ya harusi. Timu ikampa Nurjigit gari jeupe, na baba yake akawa analiosha hata likiwa safi. Mimi nikamwambia kila aliyeingia kwamba mwanangu ana nguvu hizo kwa sababu ya mafuta ya suur, wale wanyama wa mashimoni ambao mjomba wake anawatega milimani, kijiko kila asubuhi tangu utoto wake wa kukohoa. Nilikusifu wewe kuliko kocha.

Maharage yalipoanza kutoa maua, ikaja habari kwamba mkojo wake umepimwa na umekutwa na dawa za kuongeza nguvu. Kocha Omurbek akaja mwenyewe mpaka hapa. Akala, akasifu nyama, akashusha pumzi, kisha akaniuliza huyu kijana anakula nini akiwa nyumbani. Nami nikamweleza habari ya mafuta kwa kujidai kabisa. Kydyr, laiti ungeuona uso wake. Ukang'aa kama mtu aliyeokota kitu njiani. Akasema basi, ndiyo hayo, mafuta ya wanyama wa porini yana mambo mengi ambayo sisi hatuyajui. Nurjigit alikuwa amekaa pale pale, anaumega mkate vipande vidogo vidogo. Mimi nikadhani ni huzuni.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Asanbek alichukua simu akakuporomoshea yale maneno, kwamba umemharibu mtoto na usikanyage mlango wetu. Shemeji yako akikasirika mdomo wake hauna breki. Tangu siku hiyo hatujaisikia sauti yako.

Nami sikupona. Wale kina mama waliokuwa wakiniletea watoto wenye vifua niwape mafuta kidogo, waliacha kuja. Shambani wakanipa jina, Mama Dopingi. Tukikaa kunywa chai mmoja anamwambia mwenzake aangalie asinywe kikombe cha Zuurakan, atapimwa mkojo. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nacheka nao, halafu narudi nyumbani nalia. Nililia kwa sababu niliamini, Kydyr. Niliamini kwamba mkono huu uliomlisha ndio uliomwangusha.

Kamati ya ligi ilituita mwezi huu. Omurbek alikuja kutuchukua, na njia nzima ya mlimani alikuwa ananifundisha la kusema: nilimpa mafuta, hakujua kilichomo, mimi ni mama wa kijijini. Akasema nikisema hivyo kijana atafungiwa kwa muda mfupi tu na mkanda huenda ukabaki. Nikamwambia asinifundishe, hayo si maneno ya kukariri, ni ya kweli.

Lakini unajua mimi sitoki nyumbani mikono mitupu. Alfajiri ile nilikuwa nimeoka mkate, nikaufunga kwenye kitambaa, nikautia mkobani. Omurbek hakujua, na Nurjigit hakujua.

Tuliingia. Watu watatu, meza, jagi la maji. Mwenyekiti ni mama wa umri wangu, mwenye miwani. Nikaeleza habari ya mafuta tangu mwanzo, na wewe nikakutaja kwa jina, na jinsi unavyoyachemsha, na kila kitu. Yule mama anaandika tu, hainui macho. Nikaona haniamini. Nikafikiri, hawa wa mjini wanataka nini zaidi? Nikafungua mkoba, nikautoa mkate, nikaushika kwa mikono miwili.

"Mama, hapa hatuapi kwa mkate," akasema.

"Nyinyi hamuapi. Mimi naapa," nikamjibu. "Mkate huu unipige kama mwanangu alipewa kitu kingine zaidi ya..."

Sikumaliza. Nurjigit alikuwa amenishika mkono.

"Mama, weka mkate chini."

"Niache niseme."

"Weka chini, Mama. Si mafuta ya mjomba. Ni sindano. Nilikuwa nachomwa sindano, na nilijua."

Omurbek akawa anaangalia dari kana kwamba inavuja. Mimi nimeushika mkate, sijui niuweke wapi, maana sakafuni hauwekwi na meza imejaa karatasi zao. Mwishowe yule mama mwenye miwani ndiye aliyesogeza karatasi zake akanipa nafasi.

Basi wakamfungia miaka minne. Kwa umri wake na mchezo ule, unajua maana yake: kwisha. Omurbek alikana kila kitu, lakini naye akafungiwa maisha, maana vijana wengine wawili wa timu walipomsikia Nurjigit nao wakafungua midomo. Gari limechukuliwa. Timu yenyewe sijui kama itaiona ligi ya mwakani.

Mkanda umepelekwa kwa yule kijana wa Naryn aliyeshindwa kwenye fainali. Nurjigit aliufunga mwenyewe na kuupakia kwenye basi. Ndilo linaloniuma kuliko gari. Kijana wa watu alishinda kihalali, lakini hakupigiwa wimbo, hakuchinjiwa hata kuku, hakuna aliyebisha hodi kwake na korumduk. Furaha yake tuliila sisi, na haitapikiki.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba kurudisha zile zawadi. Aibu niliyoipata siwezi kukuandikia. Wengine walipokea bila kunitazama. Batma alikataa shali yake. Alisema alitoa ili auone mkanda, na mkanda aliuona, sasa nataka kumrudishia na macho? Nikacheka hapo mlangoni pake kwa mara ya kwanza tangu majira ya joto.

Kijiji kimegawanyika. Wapo wanaosema Nurjigit ni mjinga, mama alikuwa ameshambeba, angenyamaza tu. Wapo wanaosema ni mwizi na mwizi akikiri bado ni mwizi. Mimi niko wapi? Sijui, Kydyr. Asubuhi nataka kumkumbatia kwa kuuzuia ule mkate usinipige. Mchana nakumbuka kwamba alikaa majira yote ya joto akiniona nalia, akinyamaza, na nataka kumpiga mimi mwenyewe.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza aliwezaje kukuacha wewe ubebe mzigo ule. Akasema Omurbek aliwaambia kwamba hakuna atakayeumia. "Mjomba hachezi ligi, Mama," akasema. "Hawawezi kumfungia." Alilisema huku anaangalia nje, na alipolisikia mwenyewe akaanza kulia, lijitu lizima lenye shingo kama ya fahali.

Wakati ule sikujua kwamba umeshajifungia mwenyewe. Ni Sherali aliyenieleza juzi, tukipakia magunia. Kwamba uliyamwaga mafuta yote nyuma ya nyumba. Kwamba hutegi tena. Kwamba watu wanakuja kwako na watoto wao wenye vifua, kama walivyokuja tangu enzi za baba, na wewe unawarudisha, unawaambia huna tena mkono wa dawa. Nilikaa juu ya gunia. Mtu mmoja alichomwa sindano Bishkek, na watoto wa Murgab wanakohoa bila mafuta. Hilo kamati haikuliandika.

Kwa hiyo rudi kwenye mitego yako, nakuomba. Waambie watu wa huko ukweli wote, na jina la mwanangu ulitaje, ana haki ya kulibeba. Wakikataa kuamini, wasomee barua hii.

Nurjigit yuko nasi, anapura maharage. Hapandi kitandani kabla hajaanguka kwa uchovu. Vumbi limemrudishia kile kikohozi cha utotoni, anakohoa mpaka nje tunamsikia. Nilimwambia akuandikie akuombe msamaha na akuombe mafuta. Akasema msamaha atakuja kuuomba kwa miguu yake, njia ikifunguka, lakini mafuta hana uso wa kuyaomba. Basi nayaomba mimi.

Sherali atakupa na chupa, ile kubwa uliyotuletea mara ya mwisho. Asanbek ndiye aliyeiosha. Aliichukua bila kuambiwa, akaisugua kwa majivu, akaitazama kwenye mwanga, akaisugua tena. Lakini habari hii hukuisikia kwangu.

Msalimie sana Sairash, na wanao wote, na shangazi Uulkan kama bado anagombana na kila mtu. Batma naye anakusalimu, anasema kifua chake kinakukumbuka. Mungu akulindie mifugo na macho, akutie nguvu miguuni, na moto usizimike nyumbani mwako. Omin.

Chupa nimeijaza maharage meupe, mapya ya mwaka huu. Unajua mama yetu hakuwahi kumrudishia mtu chombo kikiwa kitupu, na alitulea sote wawili.

Ni mimi dada yako, anayekupenda hata ukimnunia,
Zuurakan