Namba Nne Imeamka

Jumapili, 6 Oktoba. Riyadh

Glasi sita tena. Saa tatu asubuhi, ulimi ukiwa haujachafuliwa na chai. Nisipokunywa chai nakuwa mkali. Ofisi nzima hapa Sulimaniyah imeshalijua hilo, wananipita kwa mbali.

Mvinyo mwekundu, mchanga, wa mavuno ya mwaka jana, uliotolewa kilevi chote huko ulikotoka. Namba moja hadi sita. Hoteli mpya ya Jeddah, kule Al-Hamra, inataka mmoja tu wa kufungulia ukumbi wake wa chakula Alhamisi mchana. Kazi ya kuuchagua ni yangu. Na ya Etieni.

Etieni ni mshauri, Mfaransa, bosi humleta kila msimu. Kaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia Dodoma, miaka kumi na saba kwenye kiwanda cha mvinyo. Akacheka kama aliyeambiwa mbuzi anajua kuogelea. Nimechukia. Nimeandika hapa ili nisijidanganye kwamba sikuchukia.

Moja: mwepesi, msafi, hauna makuu. Mbili: utamu mtupu, jemu. Tatu: maji. Tano: umepikika. Sita: kizibo kimeuharibu, unanuka boksi lililolowa.

Nne. Rangi nzito mpaka ukingoni mwa glasi. Harufu ya zambarau zilizoiva zikaanguka zenyewe. Ukakasi unashika ufizi taratibu, kisha unaachia. Sikuamini kwamba unaweza kuutoa kilevi mvinyo na bado ukabaki mvinyo. Sasa naamini.

Jumatatu, 7 Oktoba

Chupa zilezile, zimelala kwenye friji. Siku ya pili ndiyo inayosema kweli.

Mbili imelegea. Tatu sikuimaliza. Nne imefunguka, imekuwa bora kuliko jana.

Etieni kang'ang'ania mbili. Eti wageni wa huku wanapenda utamu. Nimemwambia wageni si watoto. Kaandika kitu kwenye daftari lake. Bosi, Abu Faris, alikuwa mlangoni anatusikiliza. Kesho, kasema, atazichanganya glasi mwenyewe, tuonje bila kujua ipi ni ipi.

Sawa. Achanganye hata na siki.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimezitambua zote sita. Zote.

Etieni kachanganya mbili na tano. Na glasi aliyoipa alama za juu kabisa, gazeti lililofunika chupa lilipoondolewa, ilikuwa nne. Masikio yake yakawa mekundu. Sikucheka. Nilitaka sana kucheka.

Bosi kasema halas, imekwisha, ni nne. Kwenye orodha ya vinywaji ya hoteli limechapwa jina la nne peke yake. Anasema mambo yakienda vizuri nafasi ya Jeddah ni yangu: meza yangu, watu wangu chini yangu. Nimempigia mama Dodoma. Hakuelewa mvinyo usio na kilevi unamfaa nani, lakini alipiga vigelegele.

Jumatano, 9 Oktoba. Jeddah

Siku mbaya. Niiandike kwa mpangilio.

Ndege ya asubuhi. Khadija kaja kunichukua na gari lake. Ni karani wetu pale bandarini, mtu wa Mombasa, swala tano. Njiani kaniuliza mara tatu kama kweli hicho kinywaji hakina kitu, maana kesho yeye ndiye atakayewapokea wageni na watamtaka aonje. Mara tatu nikamwambia hakina. Nikaapa.

Tukaenda ghalani. Chupa tulizoonja Riyadh zilikuja kwa ndege. Maboksi ya karamu, ya namba zote sita, yalikuja kwa meli, yako ghala la kupanga tangu wiki tatu zilizopita. Kipoza hewa mafi, wanavyosema huku, yaani hakuna. Kimekufa, hakuna aliyesema. Ndani ni kama tanuri la mkate.

Tukabeba maboksi yote hadi jikoni mwa hoteli. Nikafungua chupa ya namba nne. Kizibo kikaruka chenyewe. Nikajimiminia, nikamimina na ya Khadija, nikainamisha ya kwangu nione rangi. Vipovu vidogo, vimejipanga ukingoni. Nikanusa.

Togwa iliyolala. Kila aliyelelewa Dodoma anaijua harufu ile: jana mtoto alikunywa, leo ni ya wazee.

Khadija alishapeleka glasi mdomoni. Nikampiga mkono. Glasi ikapasuka sakafuni, abaya yake ikalowa.

"Imeamka," nikamwambia. "Usiguse."

Kainama, akaanza kuokota vipande vya glasi. Afadhali angenitukana.

Nikafungua chupa nyingine tano za namba nne. Tatu kati yake zimeamka, mbili bado. Sukari waliyoirudishia kiwandani, chachu iliyobaki, joto: vimeuchachusha upya. Nikampigia bosi.

"Wewe ndiye uliyeichagua," kasema. "Na wewe ndiye utakayesaini kwamba ni salama."

"Sisaini."

"Yustina. Ikama yako inaisha mwezi ujao."

"Najua kibali changu cha kukaa kinaisha lini. Sisaini."

Akakata simu.

Khadija kachukua chupa mbili ambazo hazijafunguliwa, kazifunga kwa taulo, kazipeleka maabara ya watu binafsi. Majibu kesho.

Ninaogopa. Kalamu moja tu na nafasi ni yangu. Wangekunywa, wangesema una ladha ya kigeni, wangeenda zao. Watu wanaokwenda kuswali adhuhuri. Hapana. Wanirudishe kesho na nguo nilizovaa.

Alhamisi, 10 Oktoba. Jeddah

Bosi na Etieni wamefika saa nne. Bosi hakunisalimia. Kamwambia Etieni aonje, amalize ubishi.

Nilijua leo ndiyo siku yake ya kucheka. Kafungua ya kwanza, kanusa, kaonja, katema. Kafungua ya pili. Akaweka glasi chini.

"Mama huyu yuko sahihi," kasema. "Hiki ni kilevi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa jingine.

Bosi kasema basi iwe namba mbili. Nikamwambia hata mbili haimiminwi: imelala ghala lilelile na ina sukari kuliko zote. Wala namba moja. Hakuna kinachotoka kwenye maboksi haya. Kapandisha sauti, wapishi wakaacha visu. Nikasimama mbele ya maboksi. Mimi, futi tano na kidogo. Sijui ningefanya nini kama angenisogelea. Nisingehama.

Saa tano na nusu simu ya Khadija ikalia. Maabara. Kilevi kimo, chupa zote mbili, juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Kamsomea bosi kwa Kiarabu, polepole, neno kwa neno. Bosi akakaa juu ya kreti la nyanya.

"Umeniaibisha," kaniambia.

"Bora aibu hii, bosi."

Yalla, haya, komamanga. Jikoni yalikuwepo makreti manne. Nimekamua na wapishi mpaka mikono ikawa myeusi. Wageni walikula, walikunywa komamanga, waliondoka. Mzee mmoja aliomba glasi ya pili. Mwenye hoteli alininunia mwanzo hadi mwisho. Anune.

Ijumaa, 11 Oktoba. Jeddah

Nimelala kwa Khadija. Kaenda msikitini, karudi, kapika mbaazi za nazi. Nilimwomba radhi, nilimwapia kitu nisichokuwa na hakika nacho. Kasema aliyeapa na aliyempiga mkono ni mtu mmoja, amesamehe wote wawili. Abaya imeshindikana kusafishwa.

Ujumbe wa bosi: nafasi ya Jeddah anapewa Etieni. Nirudi Riyadh. Kuhusu ikama, kimya.

Imeniuma. Nafasi ile ilikuwa yangu. Ila sitamwomba. Akitaka kunirudisha nyumbani, Dodoma ipo.

Jumapili, 27 Oktoba. Riyadh

Karani wa hapa ofisini kaniita asubuhi. Ikama mpya, mwaka mmoja. Sikuiomba. Nikamuuliza nani kasaini. Kanionyesha: bosi mwenyewe, wino wa bluu. Bosi alipita ukumbini, akaitikia salamu, akaendelea.

Nimerudi kwenye meza yangu. Nje vumbi limetanda, jengo la mbele halionekani. Nimefunga dirisha, nikakaa.