Mkanda Ulioandikwa IMEISHA

S.L.P. 4417,
Nairobi.
14 Machi 1978

Mpendwa shemeji Peres,

Salamu nyingi kutoka huku Kangemi. Je, mguu wa Mama umepata nafuu? Na Were ameacha kukohoa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Umeuliza santuri ya marehemu Joash itatoka lini, ili Were akikua amsikie baba yake. Nimekaa na swali hilo siku tisa.

Unakumbuka nilivyomcheka ndugu yangu: gitaa lake la besi likinguruma kwa mtindo wa fanki, jazi juu yake, na rafiki yake Mahesh kwenye kile kinanda cha umeme kinacholia kama redio inayotafuta stesheni. Nilimwambia muziki huo watacheza mafundi wa stima tu. Lakini walirekodi nyimbo saba hapa studio ninapofanya kazi, na ule wa saba ulinifunga mdomo. Ulikuwa mzuri, Peres. Sikumwambia.

Siku waliyomaliza, Joash kwa furaha aliandika IMEISHA kwenye boksi la mkanda. Hakujua desturi yetu. Sisi huandika hivyo mteja akishachukua nakala yake. Maana yake futa, utumie tena. Majuzi tulipopaka rangi chumba, maboksi yalichanganyika. Nikachukua moja lenye neno hilo, nikarekodi kwaya saa nzima. Walikuwa wanaimba juu ya gitaa la ndugu yangu, nami natingisha kichwa kwa raha.

Mahesh ndiye aliyegundua.

“Zedekiah, hii si box ya Joash? Nani ameweka kwaya ndani?”

Nilisema ni mimi. Alikaa sakafuni akalia. Nakala nyingine hatuna.

Mara mbili nimekuandikia kwamba studio iliungua, nikaichana barua. Nimechoka kujiogopa.

Mahesh anataka kuzipiga upya zile nyimbo na mtu mwingine wa besi. Sema wewe. Mimi naona huyo hatakuwa Joash.

Msalimie dada yako Philister, na Mama pia, ila usimsomee barua hii. Nitamwambia mwenyewe Pasaka, ukiniruhusu kuingia kwako. Mungu awafunike nyote.

Were akija kuuliza gitaa la baba yake lilienda wapi, usimwambie lilipotea. Mwambie baba yake mdogo alilifuta.

Ni mimi shemeji yako, ninayewapenda hata sasa,
Zedekiah