Nani Mwenye Mshono wa Korosho?

Bi Sabaha, shikamoo. Naomba msaada wako, na nakuomba unisome hadi mwisho, maana najua wenye barua ndefu huwa unawapasha hapa gazetini, lakini jambo langu halifupiki, kila nikilifupisha linageuka uongo.

Mimi ni fundi cherehani, kwetu Ndanda, nakaa Magomeni na kazi yangu iko Kariakoo, barazani Mtaa wa Mchikichi, na pembeni yangu anashona Zamzam, mtu wa Kilwa, ambaye nilipofika mjini sina hata pa kuweka kiti alisogeza cherehani yake akaniambia kaa hapa, baraza halina mwenyewe, na tangu siku hiyo tunakula sahani moja, yaani tulikuwa tunakula, maana sasa hivi hatusemezani, na hiyo ndiyo sababu moja ya kukuandikia ingawa siyo ile niliyokusudia kuanza nayo.

Nianze na cherehani. Yangu na ya Zamzam ni aina moja, zile za kudarizi, ambazo ndani yake unatia kisahani cha plastiki chenye upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa, na ukingo wa kisahani hicho umekatwa vilima na mabonde, ukikanyaga pedali kinazunguka, halafu kuna kidole kidogo cha chuma kinachoupapasa ule ukingo, na sindano inafuata inavyoambiwa, kulia, kushoto, kulia, mpaka nguo inatoka na pindo la mawimbi au majani au meno ya msumeno, kutegemea umetia kisahani kipi. Visahani hivyo havipatikani popote ila kwenye duka la wakala aliyetuuzia cherehani, na dukani hapo huuziwi kimoja unachokitaka, unafungiwa na vingine usivyovihitaji, na ukipeleka cherehani kwa fundi mwingine hata kukazwa skrubu tu, wao hawaigusi tena. Tulizoea. Tulidhani ndivyo cherehani zilivyo.

Lakini mimi, Bi Sabaha, nina maradhi ya kutaka kujua. Siku moja ya mvua, hakuna wateja, nikafungua kifuniko kwa bisibisi nikazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, nikawa natazama kile kidole kinavyopapasa, nikajisemea, kumbe kisahani hakishoni kitu, hakigusi uzi wala kitambaa, kazi yake ni kuiambia sindano pa kwenda. Basi kama ni kuambia tu, si hata mimi naweza kuiambia? Nikachukua sufuria iliyotoboka nikaenda mtaa wa Gerezani kwa mafundi wa ndoo wakanikatia kipande, nikaazima tupa nikakichonga mwenyewe nyumbani umbo la korosho, maana niliamini, usinicheke, kwamba nikitia kisahani chenye umbo la korosho sindano itanichorea korosho.

Haikuchora korosho. Ilichora kilima kirefu, halafu shimo la ghafla, halafu vilima viwili vilivyoinamiana kama watu wanaonong'onezana, na nilipoirudisha mara ya pili kwa uzi wa rangi nyingine ikawa kama ukili umesukwa juu ya nguo. Nilikaa naitazama hata chai ikapoa, sielewi kwa nini umbo hili linatoa mchoro ule, na mpaka leo sijaelewa sawasawa, nikitembea barabarani naangalia vitu vya duara nawaza kingetoa mshono gani hiki, na kile je. Zamzam ndiye aliyesema tuuite korosho hivyohivyo. Wanakwaya wa kanisani wakautaka, kisha bibi harusi mmoja wa Ilala, na ghafla kila anayepanda barazani anasema nitilie korosho, na wala hakuna aliyeona korosho yoyote pale.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Asubuhi moja nakuta kisahani changu kinanuka sabuni, na kwenye tundu lake la katikati kuna sabuni imekauka, na haikupita muda nasikia cherehani ya Zamzam inalia mlio wa korosho, maana kila kisahani kina mlio wake. Alikuwa amekikandamiza changu kwenye mche wa sabuni, sabuni yenyewe siku hizi ya foleni, akapata umbo, akaenda kuchongesha chake. Nilimwambia, "Zamzam, umeniibia." Akanijibu bila hata kuinua uso, "Nimekuibia nini? Kisahani chako si hicho hapo?" Nikatazama, na kweli kilikuwa hapo, na mshono naujua vilevile, hakuna nilichopungukiwa, lakini moyo unaniuma kama mtu aliyeibiwa, na hilo nalo sijalielewa. Tangu siku hiyo kila mtu na chai yake.

Juzi akaja meneja wa lile duka la wakala, Bwana Polycarp, mtu wa kwetu kusini, mpole, ananiita dada. Alikuwa ameshaona magauni ya kwaya. Akakishika kisahani changu akakigeuzageuza, akacheka kwa kufurahi kabisa, akasema, "Dada Evarista, umefanya jambo zuri, lakini hiki ni chetu." Nikamwuliza chenu kivipi, sufuria ni yangu na cherehani niliinunua. Akasema, "Cherehani uliinunua, sikatai. Namna ya kuiamrisha hukuinunua." Akanieleza kwamba huko ng'ambo zinakotengenezwa watu huandikisha ugunduzi wao serikalini, na ukishaandikishwa mwingine haruhusiwi kuutumia hata kama ameugundua kwa akili yake mwenyewe. Kisha akatoa karatasi ya Kiingereza akanisomea kwa Kiswahili, kwamba nikitia saini, korosho inakuwa mali ya kampuni, na mimi nitakuwa fundi pekee anayeruhusiwa kuishona Kariakoo nzima. Nisipotia saini hataniuzia sindano, na anasema sindano za chapa nyingine haziingii kwenye cherehani hii. Nimebakiwa na mbili, moja imeshaanza kupinda. Nikauliza, "Na Zamzam?" Akasema, "Huyo hatapata sindano kwa vyovyote. Si amekuibia?"

Bi Sabaha, nilipaswa kukasirika lakini kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Anarudi Jumatatu kuchukua saini. Hivi kweli mtu anaweza kuwa mwenye namna sindano inavyocheza? Na kama anaweza, mwenyewe ni kampuni, au mimi, au yule bibi wa kwanza aliyesuka ukili? Nitie saini, au nikae barazani bila sindano?

Ni mimi,
Evarista, Kariakoo

Bi Sabaha anajibu:

Marahaba, mwanangu. Majina nimeyabadili yote, na la mtaa pia, ingawa huyo meneja akisoma atajijua, na ajijue tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu nilitaka kuurudia huo mshono unaoitwa korosho na haufanani na korosho. Hongera. Nakupa kwanza kabla ya kukugombeza, maana naona hakuna mwingine aliyekupa bila kutaka kitu.

Sasa tuongee. Kama kisahani tayari ni mali yao, saini yako wanaitakia nini? Mwenye kuku hamwombi jirani saini ya kuku wake. Nimemwuliza mwanasheria ninayefahamiana naye, akaniambia kuandikisha ugunduzi ni jambo la kweli, lipo, na aliyeandikisha ana haki yake. Lakini anayedai kwamba anayo hati ndiye aionyeshe, tuone imetaja nini hasa, siyo wewe uhangaike kuthibitisha kwamba hana. Huyo bwana kakuonyesha karatasi ya kukutaka utoe, hakukuonyesha ya kwake. Hiyo tofauti hukuiona?

Swali lako la nani mwenye namna sindano inavyocheza limenizungusha kichwa, sikufichi. Mtu akibuni kitu anastahili kitu. Sikubaliani na wanaosema eti kwa kuwa tuko kwenye ujamaa basi kila kilichopo ni cha kila mtu, hata kazi ya kichwa cha fundi wa barazani. Lakini kustahili ni jambo moja na kufunga mlango ni jingine. Meneja hakubuni chochote. Hakuchonga, hakukosea, hakukaa akashangaa mpaka chai ikapoa. Anachokitaka ni kwamba asiwepo fundi Kariakoo anayeweza kushona bila kupita dukani kwake. Ndiyo maana anawafungia visahani msivyovitaka, ndiyo maana hagusi mashine iliyoguswa na mwenzake, na leo amehamia kwenye sindano.

Na wewe, Evarista. "Kuna kitu ndani yangu kilifurahi." Umeandika mwenyewe, na katika barua nzima hakuna neno la kweli kuliko hilo. Meneja akikufungia wewe ni dhuluma, akimfungia Zamzam kwa niaba yako ni haki? Mkuki kwa nguruwe mtamu, mwanangu. Unajiuliza umeibiwa nini. Hukuibiwa mshono. Uliogopa watu wasijue kwamba mshono ulianzia kwako, na hilo linauma, silidharau hata kidogo. Zamzam amekosea. Hata chumvi jirani huombwa, sembuse kisahani. Angekuomba kwanza ndipo akikandamize kwenye sabuni.

Ila ngoja nikuambie nilichokifanya, kwa kuwa na mimi nina maradhi hayohayo ya kwako. Jumanne nilikuja. Nilijitanda ushungi, nikabeba kitambaa cha gauni, nikakaa kwa Zamzam. Wewe ulikuwa umempa mgongo, umeinamia kazi. Nikamwambia nataka korosho. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, pindo nitakushonea mimi, lakini shingoni mpelekee yule pale. Huu mshono ni wake. Mimi nilichukua kwa sabuni, kona zake zimekufa, na shingoni watu wanaona."

Nikamwuliza kama wateja wote huwaambia hivyo. Akasema, "Kila anayetaka korosho namwambia. Hasira zake ni zake, lakini mshono ni wake pia." Basi fikiri mwenyewe. Mtu uliyetaka kutia saini ili anyimwe sindano ndiye anayekuletea wateja, na wewe kwa jeuri yako huwaulizi hata wametokea wapi.

Nikamwuliza na habari ya sindano. Akafungua droo akanionyesha pakiti ya chapa nyingine kabisa, ananunua kwenye duka la vifungo si mbali na hapo, na anasema ukiuweka ule upande wake bapa kwa nyuma inaingia sawasawa, naye anashonea hizo tangu Ramadhani. Nilishangaa, na aliyenishangaza ni wewe. Umefungua cherehani kwa bisibisi ukichungulia kidole cha chuma, umekata sufuria, umejua kila kisahani kwa mlio wake, halafu kwenye sindano ukaamini neno la muuza sindano bila kujaribu hata moja.

Usitie saini. Jumatatu meneja akija, mwombe kwa adabu akuachie nakala ya karatasi yake ukasomewe na mtu asiye na duka, na akikataa basi umeshapata jibu. Kisha nenda kwa afisa biashara ukaeleze kwamba mnauziwa vifaa kwa masharti, tena usiende peke yako, chukua mafundi wa baraza zote wenye cherehani kama yako, maana mmoja akilalamika huitwa mgomvi, wakiwa kumi huwekewa viti. Mkishawekewa viti, hapohapo ulizeni habari ya kuandikisha ushirika wa washonaji, ili sindano mziagize wenyewe. Visahani chongeni, badilishaneni, na kila kimoja kiitwe kwa jina la aliyekianza, na anayetaka kunakili aombe. Zamzam naye akuombe radhi kwa ile sabuni, na wewe umwombe kwa kile kitu kilichofurahi ndani yako. Chako ni kizito zaidi, kwa hiyo utaanza wewe.

Jina la lile duka la vifungo ninalo hapa mezani, na mwenye duka namjua. Sikuandikii. Sindano yako moja imepinda, na anayejua zinakouzwa amekaa nawe baraza moja. Geuka umwulize.