Vidonge vya Dada na Kichwa cha Mama

Jumamosi, Nzuguni. Upepo haujapumzika tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi. Na mimi nina wivu. Nauandika hivyo hivyo.

Namwonea wivu Dada Yusta. Juzi kashuka kwenye treni kutoka Dar, kaingia jikoni kwangu, akatazama sufuria zangu zinavyong'aa kabatini, akaguna. "Unamlisha mama aluminiamu." Eti ndiyo maana mama anasahau. Ananiambia mimi ninayemwogesha!

Sufuria nazisugua kwa mchanga na stilwaya kama mama alivyotufundisha kule Mlali. Kwetu sufuria yenye masizi ni aibu ya mwenye nyumba. Na mlenda bila magadi mama haugusi. Kumbe, kwa maelezo ya Dada, kusugua kunatoa utando unaoikinga sufuria, halafu magadi yanaitafuna na mabaki yanaingia mbogani.

Iliniuma. Mama alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila neno la Dada. Mimi nikiongea, anasinzia.

Leo tumempeleka mama kliniki ya figo, mimi na Dada. Daktari, binti mpole, ametueleza taratibu. Aluminiamu tunayomeza, karibu yote hutoka na choo. Chembe inayopenya utumboni na kuingia kwenye damu, figo huitoa kwa mkojo. Figo zikichoka, kama za mama, inabaki. Inaomba lifti kwa protini inayobeba madini ya chuma, inafika kwenye ubongo, na ikishaingia kwenye seli za fahamu kutoka ni kazi, maana seli hizo hazibadilishwi kama za ngozi. Basi inajikusanya, miaka na miaka. Kama ndiyo inayomsahaulisha mama, daktari hakuapa. Kasema atapima damu, na sufuria tubadilishe kwa tahadhari tu.

Kisha akaomba kuona dawa zote. Mama akatoa mkobani vidonge vya kiungulia, vile vya kutafuna, ambavyo Dada humtumia kila mwezi. Anavila kama peremende. Mtaa mzima unajua sifa za dawa za Yusta.

Daktari akasoma pakiti. Humu aluminiamu imo, akasema, tena nyingi kuliko ya sufuria yoyote. Aache leo leo.

Nilifurahi.

Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Dada aligeukia dirishani, na mimi nikawa natafuta neno la kumchoma nalo.

Tulipotoka nje mama akauliza vidonge vyake viko wapi. Nikafungua kinywa nimwambie: ni vya Yusta vilivyokuwa vinakuumiza. Dada akanitazama.

Nikasema daktari kabadilisha dawa. Basi.

Mama akanishika mkono, akaupapasa. "Ahsante, Yusta mwanangu." Jina la Dada, kwangu mimi. Halafu akanisogelea sikioni, akamwonyesha Dada kwa kidevu.

"Huyu mama mwenye kilemba tunayeongozana naye, ni wa nani?"

Dada alisikia. Akafungua mwavuli, akamkinga mama jua, akamwamkia shikamoo kama mgeni. Mama akaitikia marahaba, vizuri kabisa.

Sasa nimwonee wivu nani?